Viatu vya Twiga

Simu ya Shangazi ilikuwa na milio miwili. Mlio wa kwanza ulikuwa wa kawaida, kama wa simu za watu wote. Wa pili ulikuwa wa jogoo. Jogoo huyo akiwika, hata kama ni mchana wa jua kali, kila mtu nyumbani alijua wajibu wake. Bibi alizima redio. Chiriku alifunga mdomo, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi nzito kuliko kufua mashuka. Na Shangazi alitimua mbio hadi kwenye meza yake ya kazi, akaketi mbele ya kompyuta na kuanza kubonyeza vitufe kama mtu anayefukuzwa.

Asubuhi hiyo jogoo aliwika Shangazi akiwa bafuni. Alitoka amejifunga taulo, povu limemjaa kichwani hadi masikioni, akapita sebuleni bila kumsalimu mtu. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

“Huyu nimemzaa mwenyewe,” alimwambia mjukuu wake Chiriku, “lakini siku nyingine namwangalia, nashangaa.”

Chiriku alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na Bibi huyo huyo, kwa sababu alianza kuongea kabla hajafumbua macho vizuri, na hakunyamaza mpaka usingizi umkamate. Siku hiyo alivumilia kimya chake kwa shida, akimeza chai huku akimtazama Shangazi. Alipoona mabega ya Shangazi yamelegea, alijua ruhusa imepatikana.

“Shangazi, ni mlipuko wenyewe?”

“Ni wenyewe, mwanangu! Tena mkubwa!” alijibu Shangazi, povu likimdondokea puani.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa nyota. Yeye na wenzake walipokezana zamu kuitunza darubini iliyokuwa ikizunguka angani, juu kabisa ya mawingu. Kazi ya darubini hiyo ilikuwa kuvizia milipuko ya miale ya gama. Nyota kubwa sana inapokufa, Shangazi alipenda kueleza, inaweza kutoa miale mikali kupita kiasi, ambayo macho ya binadamu hayawezi kuiona. Hewa inayotuzunguka huizuia isitufikie, na hiyo ni bahati yetu. Ndiyo maana darubini ya kuikamata hupelekwa juu. Tatizo ni kwamba mlipuko haukai. Mara nyingi huisha kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za viatu.

“Kwa hiyo darubini ikiuona, inatupigia jogoo,” alisema. “Mimi nahakikisha kwamba ni kweli, natazama umetokea upande gani wa anga, kisha nawatangazia wenzetu duniani kote wageuzie darubini zao pale pale. Wakichelewa, wanakuta jiko limeshapoa.”

Chiriku alikwenda shule siku hiyo akiwa na hadithi ya kuwatosha wanafunzi wote. Na kwa kuwa hakujua kusimulia kidogo, Mwalimu wa Sayansi naye alisikia. Siku ya Sayansi ilikuwa karibu, na darasa lao lilikuwa bado halijapata kitu cha kuwaonyesha wazazi.

“Tutatengeneza darubini ya Shangazi yako,” Mwalimu aliamua.

Darasa zima lilicheka, likidhani ni utani.

“Sitanii. Sikilizeni. Miale ya gama haikusanywi kwa kioo kama mwanga wa kawaida. Inapenya tu. Kwa hiyo mbele ya darubini ya namna ile huwekwa bamba lenye matundu mengi, yaliyotawanywa ovyo ovyo. Miale ikipita kwenye matundu, kivuli cha bamba kinaangukia nyuma. Ikitoka kushoto, kivuli kinasogea kulia. Ikitoka juu, kivuli kinashuka. Ukikisoma kivuli vizuri, unajua miale imetoka wapi. Sisi tutatumia sanduku na tochi.”

Kazi ya kutengeneza sanduku alipewa msichana aliyeitwa Fundi. Baba yake alikuwa seremala, na yeye mwenyewe alishika msumeno kabla ya kushika kalamu. Alitengeneza sanduku la mbao nyembamba, safi, lisilo na ufa. Mbele aliweka bamba la kadi ngumu lenye matundu, na nyuma akaweka karatasi laini ya kupokea kivuli. Kisha akachora matundu yale yale kwenye plastiki angavu. Msomaji alitakiwa kuiweka plastiki juu ya kivuli na kuisogeza polepole mpaka matundu yaliyochorwa yalingane na madoa ya mwanga. Pale yalipolingana ndipo palipokuwa na jibu.

Ukutani walibandika ubao wenye miraba tisa, mitatu mitatu katika mistari mitatu. Mbele ya ubao alisimama mvulana aliyeitwa Twiga kwa ajili ya shingo yake, akiwa na tochi ya kumulika kutoka mraba wowote. Katikati ya darasa walitundika pazia, sanduku likichungulia kwenye upenyo wake. Nyuma ya pazia alikaa msomaji, asiyeweza kumwona Twiga. Msomaji huyo alikuwa Chiriku. Aliomba nafasi hiyo mpaka Mwalimu akachoka kukataa.

Siku ya kwanza Chiriku alisoma kivuli kwa uaminifu. Alisogeza plastiki huku, akaisogeza kule, jasho likamtoka, na mwisho akapata mraba wenyewe. Alikuwa amekawia, na wenzake wakaanza kupiga miayo.

“Chiriku, mlipuko umeshaisha, nyota imeshazikwa!” mmoja alipaza sauti, na wote wakaangua kicheko.

Chiriku hakupenda kuchekwa. Alipoinama kuokota plastiki iliyomponyoka, akaona kitu. Pazia lilikuwa fupi. Chini yake vilionekana viatu vya Twiga, vyenye soli nyeupe zilizong'aa hata kwenye giza la darasa. Vikisogea kushoto, tochi iko kushoto. Twiga akisimama kwenye ncha za vidole, tochi iko juu. Akichuchumaa, magoti yanaonekana, basi tochi iko chini.

Kuanzia hapo Chiriku akawa hodari wa ajabu. Tochi ikiwaka tu, alisogeza plastiki mara moja kwa ajili ya kuwapumbaza watu, akataja mraba. Hakukosa hata mara moja. Wenzake walimpigia makofi, na Mwalimu akasema hata kompyuta ya Shangazi isingemshinda. Moyoni Chiriku alijua ni wizi mdogo, lakini sifa ni tamu, na alijiambia kwamba hakumwibia mtu yeyote.

Baadaye Fundi alilitoa bamba kwenye sanduku akalipaka rangi nyeusi ili mwanga usivuje. Lilipokauka alilirudisha mahali pake.

“Hebu liangalie,” alimwambia Chiriku. “Kivuli kimekaa sawa?”

“Barabara!” Chiriku alijibu, wala hakuweka plastiki. Macho yake yalikuwa chini ya pazia, yakitafuta soli nyeupe.

Siku moja kabla ya maonyesho, Mwalimu alikuja na pazia jipya. Lilikuwa zito, jeusi, na lilifika hadi sakafuni.

“Lile la zamani ni aibu mbele ya wageni,” alisema. “Haya, Chiriku, tufanye zoezi la mwisho.”

Tochi ikawaka. Chiriku akatazama chini, akaona pindo la pazia tu. Akaweka plastiki juu ya kivuli, akaisogeza kulia, kushoto, juu, chini. Madoa hayakulingana popote. Akabahatisha.

“Mraba wa juu, kushoto!”

“Siyo!” Twiga alijibu kutoka upande wa pili.

Akabahatisha tena, akakosa. Mara ya tatu vilevile. Minong'ono ikaanza, na macho yote yakahama kutoka kwa Chiriku kwenda kwa Fundi.

“Sanduku limeharibika,” mmoja alisema.

“Limewahi kuwa zima?” mwingine akadakia. “Mbao zenyewe zile masalio ya kabati.”

Fundi aliligeuza sanduku, akaligonga, akachungulia ndani. “Lilikuwa linafanya kazi mpaka jana,” alisema kwa sauti ndogo. “Mwalimu, naomba nikaliangalie nyumbani.”

“Kaliangalie,” Mwalimu alijibu kwa upole. “Lakini kama kesho asubuhi halitakuwa tayari, tutaliacha, tuwaonyeshe wageni mche wetu wa maharage. Siwezi kuwaalika watu waje waangalie kitu kisichofanya kazi.”

Hapo ndipo Chiriku alipotakiwa kusema. Mdomo ule usiokaukiwa maneno ulikauka. Alimwona Fundi akitoka na sanduku kifuani, wenzake wakimpisha njia kana kwamba amebeba maiti, na yeye akabaki anakunja plastiki.

Nyumbani hakugusa chakula. Bibi alimpima joto la paji la uso kwa kiganja, akaguna. “Mwili hauna homa. Basi ni moyo,” alisema, akamwacha.

Mara jogoo akawika. Shangazi alikimbia mezani, akatazama picha iliyotumwa na darubini, akabonyeza vitufe haraka haraka, akatuma tangazo kwa wenzake. Akajinyoosha kwa furaha. Kisha akaitazama picha tena, akasogea karibu, na uso wake ukabadilika.

“Mama yangu!”

“Nipo hapa, kuna nini?” Bibi aliitika kutoka jikoni.

“Nimekosea, Mama. Huu si mlipuko mpya. Ni nyota ile ile tunayoijua, kila baada ya muda inakohoa miale. Nilitakiwa kulinganisha na orodha ya nyota zetu kwanza, nikakimbilia kutangaza.”

Vidole vyake vilikuwa tayari vinaandika. Chiriku alisogea, akasoma maneno kwenye kioo cha kompyuta: “Tangazo nililotuma sasa hivi si sahihi. Si mlipuko mpya, ni nyota inayojulikana. Msigeuze darubini zenu. Kosa ni langu.” Chini yake lilikuwepo jina kamili la Shangazi.

“Shangazi! Watakucheka dunia nzima!”

“Wacha wacheke, meno ni yao.” Shangazi akabonyeza kitufe, ujumbe ukaondoka. “Hivi ndivyo tunavyofanya kazi, mwanangu. Ukikosea, unafuta kosa lako hadharani, tena upesi. Sasa hivi kuna mtu mahali fulani ameacha shughuli yake, amegeuza darubini yake kwa neno langu. Atatazama, hataona kitu. Nikinyamaza, ataanza kuifungua darubini yake akitafuta ubovu, na haina ubovu wowote. Atahangaika usiku kucha kwa kosa ambalo liko kwangu.”

Chiriku alimwona Fundi akilini, ameinama juu ya sanduku, akitafuta ubovu bila kujua habari ya viatu.

Simu ikalia kwa mlio wa kawaida. Shangazi akasoma ujumbe, akacheka. “Sikiliza wanavyosema: ‘Asante kwa kuwahi. Tumerudi kwenye kazi yetu.’ Basi, yamekwisha.”

“Yamekwisha hivyo tu?”

“Hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya zaidi.”

“Shangazi, naomba kwenda kwa akina Fundi. Sasa hivi. Jua bado lipo.”

Karakana ya seremala ilinukia gundi na vumbi la mbao. Fundi alikuwa amekaa chini, sanduku limefunguliwa vipande vipande mbele yake, nywele zimejaa unga wa msumeno. Macho yake yalikuwa mekundu. Baba yake alikuwa akipiga randa upande wa pili, akijifanya hasikii.

Chiriku alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yote yakapotea.

“Fundi, sikuwa nasoma kivuli,” alisema. “Nilikuwa nasoma viatu vya Twiga.”

“Unasoma nini?”

Chiriku alieleza yote, soli nyeupe, magoti, na ncha za vidole. Fundi alimsikiliza akiwa ameshika nyundo. Alipomaliza, Fundi aliiweka chini, na pengine ilikuwa vizuri.

“Nimebadili betri za tochi,” Fundi alisema polepole. “Nimeng'oa kona zote nne, nimezipiga gundi upya. Nimefikiri labda ni lile pazia jipya. Nimelia, Chiriku! Na wewe ulikuwa umekaa pale, umenyamaza!”

“Najua. Nilikuwa mwoga. Nisamehe.”

Fundi aligeuza uso. Randa ya baba yake ilikuwa imesimama. Kisha, kwa kuwa damu ya ufundi haitulii, akauliza, “Mara ya mwisho ulisoma kivuli kwa kweli lini?”

“Siku ya kwanza. Kabla hujapaka rangi.”

“Kabla ya rangi?” Fundi akasimama wima. “Kwa nini hukusema tangu mwanzo! Mimi natafuta kitu kilichoharibika leo, kumbe kimeharibika tangu siku ile!”

Alilichukua bamba jeusi, akaweka plastiki juu yake. Matundu hayakulingana. Akaligeuza bamba, upande wa nyuma ukaja mbele, akaweka plastiki tena. Kila tundu likakaa juu ya mwenzake.

“Nililirudisha kinyume,” Fundi alinong'ona. “Limepakwa rangi pande zote mbili, sikujua upi ni wa mbele.”

Wakatazamana. Fundi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na Chiriku akamfuata, machozi yakimtoka.

“Ukinicheka mimi niliyekosea bamba,” Fundi alisema akifuta pua, “kumbuka kuna mtu alisoma viatu.”

Asubuhi Chiriku alisimama mbele ya darasa, akasema mwenyewe. Hakupamba. Wengine waliguna, na Twiga akavitazama viatu vyake kana kwamba vimemsaliti. Mwalimu alikunja uso.

“Umenisikitisha,” alisema. “Makofi tuliyokupigia hayakuwa yako. Wiki nzima utafagia darasa peke yako. Na wale wote walioisema kazi ya Fundi, mwombeni radhi.” Wakamwomba. Mwalimu akamgeukia Fundi. “Sanduku ni lako. Nani atasoma kivuli leo?”

“Chiriku,” Fundi alijibu. “Ameharibu mwenyewe, atengeneze mwenyewe. Ila mimi nitakaa kando yake.”

Wazazi walijaa darasani mpaka wengine wakasimama dirishani. Bibi alipata kiti cha mbele, na Shangazi akajibana mlangoni, simu mkononi. Chiriku alikaa nyuma ya pazia jeusi, akasogeza plastiki kidogo kidogo. Hakuwa na kasi ile ya zamani. Wageni walisubiri, mtu mmoja akakohoa. Madoa yalipolingana, alihesabu mara mbili, akamtazama Fundi, Fundi akatikisa kichwa kukubali.

“Mraba wa katikati, kulia!”

“Ndiyo!” Twiga alipiga kelele kwa furaha kubwa kuliko iliyotakiwa. Makofi yakalipuka. Wakapata wa pili, wakapata wa tatu.

Mwalimu Mkuu, mzee mwenye kupenda mizaha, aliomba kushika tochi yeye mwenyewe. Akapita upande wa pili, akakohoa kwa mbwembwe, akasema, “Tayari! Nipo wapi?”

Chiriku alitazama karatasi. Ilikuwa giza tupu, hata doa moja hakuliona. Alisubiri. Bado giza. Watu walianza kuchungulia saa zao.

“Bahatisha,” mtoto mmoja alinong'ona karibu na pazia. “Taja wowote!”

Chiriku alihisi ulimi ukimwasha. Miraba ilikuwa tisa tu, na mtu mwenye bahati angeweza kupatia. Alivuta pumzi.

“Hatuoni kitu,” alisema kwa sauti ya kusikika hadi dirishani. “Hatujui ulipo, Mwalimu Mkuu. Labda tochi haijawaka.”

Kisha Mwalimu Mkuu akatokea kando ya pazia, ameifunika tochi kwa kiganja, anacheka mpaka miwani inamcheza puani.

“Niliifunika!” alisema. “Nilitaka nione kama hawa watoto ni waongo. Nimeshindwa!”

Darasa likavuma kwa makofi. Bibi alisimama akapiga kigelegele kilichomshtua jirani yake. Fundi alimkamata Chiriku mkono, akaubana kwa nguvu.

Wageni walipopungua, Shangazi alipita kati ya madawati, akapiga magoti mbele ya wale wasichana wawili ili macho yao yalingane.

“Kazini kwetu tunao watu wengi wenye akili,” alisema. “Tukimtafuta wa kumwachia zamu, hatumtafuti asiyekosea, maana hayupo. Tunamtafuta anayeweza kusema ‘nimekosea’ kabla hajaulizwa, na ‘sijui’ wakati watu wote wanamsubiri ajibu. Mtu wa namna hiyo akisema ‘geuzeni darubini pale,’ dunia nzima inageuka bila kuuliza mara mbili. Chiriku, leo hata mimi ningegeuza yangu.”